Abul-Qasim Az-Zahrawi, Tabibu wa Andalus

Twawakumbusha ndugu zetu habari za Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi, wa Madinatu-Zahra, karibu na Kurtuba, aliyezaliwa yapata mwaka 936. Alitunga kitabu cha utabibu, At-Tasrif, chenye mafungu 30. Fungu la mwisho ni la upasuaji, na humo alichora vyombo yapata 200. Alieleza jinsi ya kushona majeraha, hata utumbo uliokatika, kwa uzi uliofanywa kwa utumbo wa mnyama, uzi ambao mwili huuyeyusha wenyewe. Aliwalaumu vikali walioshika kisu pasi na kuujua mwili, wakawaua wagonjwa wao.

Alifariki yapata mwaka 1013. Karne ya 12 Gerard wa Cremona alilifasiri fungu lile kwa Kilatini, na Ulaya ikalisoma karne nyingi.

Leo jeraha hutiwa ganzi kwa sindano ndipo lishonwe. Dawa ya lidokeini, iliyopatikana Uswidi mwaka 1943, yeye hakuidiriki. Lakini sharti lake lingalipo: elimu itangulie mkono. Basi tuwasomeshe watoto wetu utabibu, kwani kujifakhiri kwa jina lake hakushoni jeraha.