Mchungaji Martin Niemöller (1892–1984): Shahidi Aliyejifunza Kutubu

Martin Niemöller alizaliwa tarehe 14 Januari 1892 katika mji wa Lippstadt, Ujerumani, akiwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Hata hivyo, utumishi wake haukuanzia madhabahuni bali baharini. Alijiunga na jeshi la majini, na katika Vita Kuu ya Kwanza akapanda hadi kuwa kamanda wa nyambizi.

Ujerumani iliposhindwa vitani, nchi ilitumbukia katika machafuko. Mwezi Machi 1920 wanajeshi na wanasiasa wenye siasa kali, wakiongozwa na Wolfgang Kapp na Jenerali Walther von Lüttwitz, waliiteka Berlin ili kuiangusha jamhuri. Mgomo mkuu wa wafanyakazi uliyazima mapinduzi hayo kwa siku chache. Lakini katika eneo la Ruhr wafanyakazi wenye silaha waliendelea na mapambano. Niemöller, wakati huo mwanafunzi wa theolojia mjini Münster, aliongoza kikosi cha wanafunzi waliojitolea kuwakabili. Yeye mwenyewe hakuipenda jamhuri, na hatari kwa taifa aliiona upande mmoja tu.

Upofu huo ulimfuata hata baada ya kubarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1924. Mwaka 1933, akitumika katika Usharika wa Dahlem, Berlin, alikipigia kura chama cha Adolf Hitler. Muda si mrefu utawala huo ulitaka kulitawala Kanisa na kuwaondoa katika huduma wachungaji wenye asili ya Kiyahudi. Ndipo Niemöller alipounda Umoja wa Dharura wa Wachungaji. Humo lilichipuka Kanisa la Ungamo, ambalo katika Azimio la Barmen la Mei 1934 lilikiri kwamba Kanisa halina Bwana mwingine ila Kristo.

Tarehe 1 Julai 1937 alikamatwa. Mahakama ilimpa adhabu aliyokuwa amekwisha kuitumikia, lakini kwa amri ya Hitler alipelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, kisha Dachau, hadi mwaka 1945.

Watu wengi walimhesabu kuwa shujaa. Yeye hakujihesabu hivyo. Baada ya vita alikwenda Dachau pamoja na mkewe, akaona bango lililotaja miaka 1933 hadi 1945. Alitambua kwamba kifungo chake kilimpa udhuru tangu 1937 tu. Kwa miaka minne ya kwanza, wakati Wayahudi na wakomunisti walipoteswa, alikuwa huru, naye aliwatetea hasa waliokuwa ndani ya Kanisa. Oktoba 1945 alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi Ungamo la Hatia la Stuttgart, ingawa Wajerumani wengi walilichukia.

Baadaye aliliongoza Kanisa la Hessen na Nassau, na kuanzia 1961 hadi 1968 alikuwa mmoja wa marais wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Alifariki tarehe 6 Machi 1984. Maisha yake yanalifundisha Kanisa kwamba kusimama imara mbele ya mtawala dhalimu ni ushuhuda mkubwa, lakini ushuhuda huo haumwondolei mtu wajibu wa kuungama yale aliyoyanyamazia.