Maji Yakitolewa Motoni Hupoa: Maisha ya Mzee Funakoshi



Hapa tumezoea kusomeana maisha ya watakatifu. Leo naomba niwape maisha ya mtu ambaye hakuwa Mkristo, mtu aliyefuata mila za wazee wake mpaka mwisho. Anaitwa Gichin Funakoshi, mzaliwa wa Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, na wengi humwita baba wa karate ya kisasa. Nimemchagua kwa sababu moja tu: alianza mazoezi akiwa mtoto na akaendelea nayo mpaka uzee. Alifariki akiwa na miaka 88. Na sisi, tuseme ukweli, novena ya siku tisa inatushinda siku ya nne.

Funakoshi alizaliwa mwaka 1868 katika mji wa Shuri. Alizaliwa njiti, na watu wa nyumbani hawakutegemea kwamba angeishi maisha marefu. Alilelewa na babu na bibi wazaa mama, akawa mtoto wa kuugua mara kwa mara. Shuleni akapata rafiki, na baba wa rafiki huyo alikuwa Anko Azato, mmoja wa mabingwa wakubwa wa karate pale Okinawa. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Azato hakuwa mtu wa ngumi peke yake. Alikuwa hodari wa upanga pia, katika mtindo wa Jigen-ryu uliotoka Satsuma. Mtindo huo hauna mbwembwe. Mwanafunzi anasimamisha gogo ardhini, anashika fimbo ngumu, analikimbilia lile gogo na kulipiga kulia na kushoto, kulia na kushoto. Mapokeo yao yanataja mapigo 3,000 asubuhi na 8,000 jioni. Sisi tunasema bandu bandu huisha gogo. Wenzetu hawa waliamua kulimaliza kweli!

Funakoshi alisimulia kwamba kulikuwa na mpiga upanga mmoja mwenye sifa, Kanna, aliyepambana na Azato. Kanna alikuwa na upanga mkali mkononi, Azato mikono mitupu. Kanna akashambulia, Azato akaupangua ule upanga kwa mkono na kumwangusha mwenzake magotini. Wakarudia, ikawa vilevile. Azato hakuwa mchawi. Kwa kuwa aliujua upanga kwa miaka mingi ya mazoezi, alijua unatokea wapi na unaelekea wapi. Ndiyo maana aliwafundisha wanafunzi wake waione mikono na miguu ya mpinzani kama panga zilizonolewa. Ukiona ngumi kama ngumi tu, utasema potelea mbali, nikipigwa nitajipangusa. Ukiiona kama upanga, hutafanya zoezi hata moja kwa uvivu.

Sasa sikiliza mafunzo ya Funakoshi yalivyokuwa. Siku hizo karate ilifanywa kwa siri, tena usiku. Kijana alitoka nyumbani giza limeshaingia, taa mkononi, akatembea mpaka kwa mwalimu. Azato alikaa barazani, mgongo umenyooka, kitaa kinafifia pembeni yake. Kijana anasimama uani na kufanya kata. (Si ile kata ya diwani, jamani. Kata katika karate ni mfuatano wa hatua, ngumi, teke na kujikinga, uliopangwa toka mwanzo hadi mwisho, unaofanywa mtu akiwa peke yake.) Akimaliza, mwalimu anamwambia arudie. Akirudia, anaambiwa tena. Kata ileile, usiku baada ya usiku, mwezi baada ya mwezi, na haruhusiwi kwenda nyingine mpaka mzee aridhike. Sifa ilikuwa neno moja fupi, na hata hilo lilikuja kwa nadra.

Baadaye alijifunza pia kwa Anko Itosu, rafiki wa Azato. Mwenyewe aliandika kwamba kata tatu tu zilimchukua miaka kumi. Miaka kumi! Siku hizi mtu anaangalia video tatu jioni moja na kesho anajiita sensei.

Wakati mwingine alirudi nyumbani alfajiri. Majirani walipomwona akipita kila usiku wakaanza minong'ono, wakaamua kwamba kijana huyu bila shaka anakwenda kwenye nyumba za malaya. Yeye hakuweza kuwaeleza ukweli kwa sababu mazoezi yalikuwa ya siri. Alinyamaza, kesho yake akawasha taa akaenda tena.

Hapo mimi nilisimama kidogo kusoma. Ninafanya karate ya Shotokan, nina mkanda wa kahawia. Mwalimu wetu alihamishwa kikazi, wenzangu wakatawanyika mmoja mmoja, na sasa ni miezi minane nafanya peke yangu nyuma ya nyumba, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kuwahi daladala. Hakuna wa kunihesabia. Hakuna mtihani wa mkanda unaonisubiri. Mama aliniuliza nafanya kwa ajili ya nani, na swali lake lilikuwa la haki kabisa. Mtu anapofanya jambo na hakuna anayemwona, wala hakuna zawadi mbele, anaendelea kwa nguvu gani? Nilirudi kwenye maisha ya mzee huyu nikitafuta jibu, na nimelipata vipande vipande.

Kipande cha kwanza ni kwamba Funakoshi hakusubiri maisha yatulie. Alikuwa amefaulu mtihani wa kusomea udaktari, lakini familia yake ilishikilia mila ya kusuka nywele utosini, na serikali mpya ya Japani ilikuwa imeikataza. Bila kukata nywele, hakuna chuo. Akaacha udaktari. Mwaka 1888 akawa mwalimu msaidizi wa shule ya msingi, na safari hii akazikata. Nyumbani moto uliwaka. Akafundisha zaidi ya miaka thelathini. Mshahara mdogo, familia kubwa: wazazi, babu na bibi, mke, watoto. Alipopewa nafasi ya kupanda cheo kwenye visiwa vya mbali alikataa, kwa sababu angekuwa mbali na walimu wake.

Na mkewe tusimsahau. Mama huyu alifuma vitambaa, alilima, alitunza nyumba nzima. Akichoka sana, badala ya kujilaza alitoka nje na kufanya karate. Akajua mpaka akawa anawasimamia wanafunzi mumewe akichelewa. Dada zangu mnaodhani mambo haya ni ya wavulana, mmesikia.

Kipande cha pili ni unyenyekevu. Mwaka 1922 Funakoshi alikwenda Tokyo kuionyesha karate kwenye maonyesho ya michezo ya Wizara ya Elimu. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini na alitegemea kurudi nyumbani upesi. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, akamwomba aonyeshe Kodokan, wengine wakamwomba afundishe, basi akabaki. Aliishi kwenye hosteli ya wanafunzi wa Okinawa, na ili apate chakula alifagia uwanja, alilinda mlango, alisafisha vyumba vya vijana wadogo kwa wajukuu. Mchana alishika fagio, jioni alikuwa mwalimu mkuu wa sanaa ambayo leo inafanywa duniani kote. Mpishi wa hosteli alimfundisha karate, na kwa kumshukuru mpishi akampunguzia bei ya chakula.

Mwaka 1923 likaja tetemeko kubwa la Kanto, likaua watu wengi Tokyo, na baadhi ya wanafunzi wake wakawa miongoni mwao. Akatafuta kibarua benki, akitengeneza stensili. Ukumbi wa hosteli ulipohitaji matengenezo, akakosa mahali pa kufundishia. Aliyemsaidia ni nani? Mpiga upanga! Hakudo Nakayama, mwalimu mkubwa wa kendo, alimruhusu atumie ukumbi wake saa ambazo hautumiki. Kwa hiyo karate ya Tokyo ilipata hifadhi kwenye nyumba ya upanga, na yule mwanafunzi wa Azato akajikuta tena karibu na vyuma alivyofundishwa kuviheshimu toka utotoni. Hakuona aibu kuwa mgeni wa saa za pembeni.

Kipande cha tatu ndicho kilichonigusa zaidi. Miaka ya 1930 wanafunzi wake walichanga wakamjengea ukumbi wake mwenyewe, wakauita Shotokan, kutokana na jina lake la uandishi, Shoto, yaani mvumo wa misonobari upepo unapopita. Alikuwa ameshazeeka ndipo anapata nyumba ya kazi yake. Mwaka 1945 mabomu ya vita yakaiteketeza. Mwaka huohuo mwanawe Gigo, mwalimu hodari aliyetegemewa kumrithi, akafariki kwa kifua kikuu. Okinawa ikaharibiwa na vita. Mkewe, ambaye waliishi mbali naye miaka mingi, alikimbilia Kyushu na huko wakakutana tena. Mwaka 1947 naye akafariki.

Hebu hesabu: ukumbi hakuna, mtoto hakuna, mke hakuna, na mzee anakaribia miaka themanini. Angesema imetosha, nani angemlaumu? Alirudi Tokyo, akaendelea. Mwaka 1949 wanafunzi wake walipounda chama cha karate cha Japani walimfanya mkuu wao wa heshima. Kila asubuhi alijiandaa taratibu, akachana nywele, akainama kwa heshima kuelekea upande wa Okinawa, ndipo siku ianze. Alifariki tarehe 26 Aprili 1957. Mashindano ya kwanza ya kitaifa ya chama hicho yalifanyika baadaye mwaka huohuo, yeye ameshazikwa. Yaani mzee wetu aliondoka duniani bila kikombe hata kimoja cha ubingwa.

Katika kanuni ishirini alizowaachia wanafunzi, moja inaifananisha karate na maji ya moto: usipoyapa joto mfululizo, yanarudi kuwa maji baridi. Aliyewahi kuchemsha maji ya kuoga kwa kuni anaelewa. Hutaji kuni zote za wiki siku moja. Unataka kuni kidogo, ila zisikatike.

Ndugu zangu, hapa ndipo mzee huyu ambaye hakusali kama sisi anatufundisha kuhusu sala. Wengi wetu tunawasha moto mkubwa wakati wa mafungo ya vijana. Tunalia, tunaahidi, tunaandika kwenye daftari. Tukishuka kwenye basi, kuni zimeisha. Kisha tunadhani imani imetutoka, kumbe ni maji tu yametolewa jikoni. Mtume Paulo, alipomwandikia kijana Timotheo, hakudharau mazoezi ya mwili. Alisema yana faida kidogo, lakini akamtaka ajizoeze utauwa kwa sababu huo una faida kwa maisha haya na yale yajayo. Angalia, alisema ajizoeze. Alijua kwamba na utauwa una kata zake, na kata hurudiwa.

Kwa hiyo, kama hujui uanzie wapi, nakushauri hivi. Chagua kata moja: sala ya asubuhi, au fumbo moja la rozari, au Injili ya siku. Moja tu. Iwe na saa yake na mahali pake, hata kama ni pembeni ya kitanda. Usiipime kwa hisia. Kuna usiku Funakoshi alifanya kata ileile bila kusifiwa, na usiku huo nao ulihesabika. Watu wakikusema vibaya, endelea. Ukikosa jana, leo simama uani tena, anza na salamu. Na usitafute mtazamaji. Bwana wetu alituambia tuingie chumbani, tufunge mlango, tusali kwa Baba aonaye sirini. Azato alikaa barazani usiku kucha akimwangalia mwanafunzi mmoja. Baba yetu wa mbinguni hachoki kukaa kuliko Azato.

Tusali.

Ee Bwana, wewe unayetuona hata pasipo mwanga, utupe uaminifu katika mambo madogo. Ututie kuni leo, na kesho, na keshokutwa. Uwabariki walimu waliotufundisha kurudia bila kuchoka, na uwapokee wote waliokutafuta kwa njia walizozijua. Mikono yetu iwe na nguvu bila ukatili, na magoti yetu yasisahau njia ya kwako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.