Patrick Manson, munganga aliyetafuta minyoo tumboni mwa mbu

Kila mara wagawaji wa Mectizan wanapopita vijijini na fimbo yao ya kupimia urefu, kuna ulizo moja ambalo halikosi: kale kainzi keusi ka kando ya mto kanabeba namna gani minyoo inayopofusha watu, na kenyewe kanabaki kazima? Mutu wa kwanza kuona mnyoo wa binadamu ukikomaa ndani ya mdudu anayefyonza damu alikuwa munganga wa Scotland, Patrick Manson. Alikuwa mbali sana na Afrika, katika bandari moja ya China.

Manson alizaliwa mwaka wa 1844 huko Oldmeldrum, karibu na Aberdeen. Alisomea uganga, na mwaka wa 1866 akaenda Formosa, kisiwa ambacho leo tunakiita Taiwan, kufanya kazi ya munganga wa duane ya China. Mwaka wa 1871 akahamia bandari ya Amoy. Kule alikuta watu wenye miguu iliyovimba sawa ya tembo, na wanaume wenye korodani kubwa kiasi cha kushindwa kutembea. Aliwapasua wengi. Lakini chanzo cha ugonjwa hakukijua, na kupasua tu hakukumtosha.

Alipokuwa Uingereza kwa mapumziko mnamo 1875, alisoma habari za Timothy Lewis, munganga wa India aliyekuwa ameona minyoo midogo sana ndani ya damu ya watu. Manson akarudi Amoy na mikroskopu, na fikra moja kichwani: hii minyoo inatoka namna gani ndani ya mutu mmoja na kufika kwa mwingine? Akashuku mbu.

Mwaka wa 1877 alifanya jambo ambalo leo lingeleta maneno mingi. Mfanyakazi wake wa bustani, Mchina aliyeitwa Hin Lo, alikuwa na minyoo hiyo katika damu. Manson akamlaza katika kijumba, taa ikiwaka na mlango wazi ili mbu waingie, kisha mlango ukafungwa. Asubuhi mbu walioshiba damu walikusanywa ukutani. Vitabu vingi vinamsifu munganga. Mutu aliyetoa damu yake usiku kucha anatajwa kwa mstari mmoja tu.

Manson akawapasua mbu, siku baada ya siku. Aliona kwamba minyoo mingi iliyomezwa na mbu inakufa, inaoza, ao inatoka na mavi. Michache tu njo inayovua ganda lake, inatoboa ukuta wa tumbo, inaingia katika misuli ya kifua na kukua.

Ni nini kinachoua ile mingine? Ule wakati hakukuwa namna ya kujua. Watafiti waliokuja nyuma njo walioeleza. Mdudu hana kinga ya kukumbuka ugonjwa sawa yetu, lakini ana silaha zake. Mbu wa aina fulani wana meno kooni yanayopasua minyoo wakati wa kumeza damu. Mnyoo ukipona pale na kuvuka tumbo, unakutana na damu ya mdudu, ambamo chembechembe na kemikali zinaushika na kuufunika kwa ganda jeusi. Ndani ya lile ganda mnyoo unakufa. Kainzi keusi ka onkoserkosi nako kanapigana na minyoo yake, juu minyoo ikizidi ndani yake, kanakufa mbele ya kuuma mutu mwingine. Kwa hiyo kainzi kanakoambukiza vizuri ni kale kanakoua minyoo mingi na kuacha michache ipite.

Baadaye wasaidizi wawili wa Manson, mmoja akipima damu mchana na mwingine usiku, walileta matokeo yasiyopatana. Kumbe wote wawili walikuwa na haki: minyoo ile inajaa katika damu ya juu usiku, saa mbu wanapouma.

Pahali pamoja Manson alipotea. Mbu wake walikuwa wanakufa upesi, basi akasema kwamba mbu anafia majini na watu wanakunywa minyoo pamoja na maji. Kosa hilo lilidumu zaidi ya miaka 20. Huko Australia, Thomas Bancroft alifaulu kuwaweka mbu wazima muda mrefu kwa kuwalisha ndizi, na mwaka wa 1900 George Carmichael Low, mwanafunzi wa Manson, akaona katika mbu waliotumwa kutoka kule kwamba minyoo imefika mpaka mdomoni, ikingojea kuingia kwa kuumwa.

Hata Kongo iko katika hadithi hii. Karibu na 1891, akiwa London, Manson alipima damu ya Mkongo mwenye ugonjwa wa usingizi, akakuta mnyoo mwingine, akadhani huo njo unaoleta usingizi. Haikuwa hivyo, miaka kumi na kidogo baadaye ilijulikana kwamba ni kijidudu kingine, kinacholetwa na tsetse. Lakini jina la ule mnyoo, Mansonella, limetoka kwake.

Ni yeye pia aliyemsukuma Ronald Ross kutafuta malaria ndani ya mbu kule India. Mwaka wa 1899 alianzisha shule ya tiba ya nchi za joto London, na mwaka uliofuata akaacha mbu wenye malaria kutoka Roma wamuume mwana wake mwenyewe, apate kusadikisha wenye shaka. Kijana aligonjwa kweli, akapona kwa kinini.

Manson alikufa mwezi wa nne 1922. Miaka minne baadaye, Sierra Leone, munganga Donald Blacklock alikamata vijinzi vyeusi vya mtoni, akavipasua kimoja kimoja kwa ile njia ya Amoy, na kukuta ndani yake mnyoo wa onkoserkosi ukikua.