Billy Sunday: Mchezaji wa Kawaida Aliyeacha Mshahara Mnono

Wengi wetu tumesikia jina la Billy Sunday likitajwa mimbarini, kwamba alikuwa mwinjilisti mkubwa wa Marekani kabla Billy Graham hajaanza kuhubiri. Ni kweli. Lakini wiki hii mimi nataka nikae na ile miaka ambayo wahubiri huipita mbio: misimu minane, kuanzia 1883 hadi 1890, aliyokula kwa jasho lake uwanjani akilipwa kucheza mpira. Nasema hivyo kwa sababu watu humsimulia kana kwamba alikuwa nyota, halafu akaacha unyota kwa ajili ya Yesu. Hakuwa nyota. Alikuwa mchezaji wa kawaida, yule anayekaa benchi akingoja mwenzake aumie. Na kwangu mimi hapo ndipo kisa kinapoanza kuwa na maana.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe, maana besiboli si ya kwetu. Kama ulicheza raunda shule ya msingi, umeshaelewa nusu. Mtu mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo la mbao, kisha anazunguka vituo vinne mpaka arudi alipoanzia. Akikosa kuupiga mara tatu, ametoka. Tena kuna ujanja fulani: ukiwa umesimama kwenye kituo, unaweza kuchomoka na kukimbilia kinachofuata hata kabla mwenzako hajapiga. Wanaita kuiba kituo. Mwizi wa aina hii hapigwi na umati, anashangiliwa. Billy Sunday alikuwa mwizi hodari sana. Kupiga ndiko kulimshinda.

Alizaliwa tarehe 19 Novemba 1862 karibu na mji wa Ames, jimbo la Iowa. Ukoo wa babake ulitoka Ujerumani ukiitwa Sonntag, yaani Jumapili, na huko Marekani jina likageuzwa kuwa Sunday. Babake alikuwa ameshaenda vita vya wenyewe kwa wenyewe, upande wa Kaskazini. Wiki chache baada ya mtoto kuzaliwa, yule askari alifariki kwa ugonjwa kambini huko Missouri bila kumtia mwanawe machoni. Mama akaolewa tena, na huyo bwana wa pili akaondoka zake. Billy alipofika miaka kumi hivi, mamake aliwapeleka yeye na kakake kwenye makao ya mayatima wa wanajeshi, kwanza Glenwood, baadaye Davenport. Wapo akina mama humu kanisani wanaojua uchungu huo, wa kumtoa mtoto kwa watu si kwa kutompenda bali kwa sababu sufuria ni tupu. Huko makaoni alijifunza usafi, kufuata ratiba na kusoma. Tena akagundua kwamba akitimua mbio hakuna mtoto wa kumshika.

Akiwa na miaka 14 alikuwa anajitegemea. Alipata kazi katika mji mdogo uitwao Nevada, humo humo Iowa, nyumbani kwa Kanali John Scott, akilisha farasi wadogo na kufanya kazi za shamba. Familia hiyo ilimpa mahali pa kulala na nafasi ya kwenda sekondari, ingawa hakupata cheti. Mwaka wa 1880 akahamia Marshalltown. Kilichompeleka ni miguu: kikosi cha wazimamoto cha mji kilikuwa kinashindana na vikosi vya miji mingine, nacho kilitaka mkimbiaji. Mchana alifanya vibarua, jioni akacheza mpira na timu ya mji. Mwaka wa 1882 timu hiyo iliwafunga mabingwa wa jimbo kutoka Des Moines 13 kwa 4.

Sasa, Marshalltown ndiko alikozaliwa Cap Anson, nahodha na kocha wa Chicago White Stockings, mmoja wa wachezaji wakubwa wa karne ile. Shangazi yake Anson alikuwa bado anaishi huko, na ndiye aliyempigia Billy debe. Hebu fikiria: kijana yatima, hana mjomba wala godfather, na mlango unafunguliwa na mama mmoja mpenda mpira. Mwaka wa 1883 Chicago wakamsajili.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa aibu. Alienda kupiga mara nne, na mara zote nne alitolewa kwa kukosa mpira. Ilimbidi avumilie mechi kadhaa zaidi na kukosa kwingi kabla hajapata pigo lake la kwanza. Kocha mwingine angemrudisha kijijini. Anson alimweka, kwa sababu ya ile mbio. Mwaka wa 1885 walipanga mashindano kati yake na Arlie Latham wa St. Louis, mkimbiaji mkali wa ligi nyingine, na Billy akamwacha nyuma waziwazi.

Hata hivyo, kwa misimu minne alikuwa mchezaji wa akiba. Nafasi aliyoicheza ilikuwa ya Mike Kelly, kipenzi cha mashabiki waliyemwita mfalme, na Billy aliingia Kelly alipohamishiwa nafasi nyingine. Timu ilichukua ubingwa wa ligi 1885 na 1886, yeye akiwa zaidi pembeni. Lakini kuna jambo dogo ambalo mimi silidharau: klabu ilimpa kazi ya kushika pesa. Alihesabu mapato ya langoni na kulipia safari za timu. Katika chumba kilichojaa walevi na wacheza kamari, mkoba ulikaa kwa kijana wa makao ya mayatima.

Usinielewe vibaya, yeye naye alikuwa anakunywa. Ligi yao siku hizo haikucheza Jumapili, kwa hiyo Jumapili mchana ilikuwa ya baa. Alasiri moja, mwaka wa 1886 au 1887 kulingana na msimuliaji, alikuwa barabarani Chicago na wachezaji wenzake wakiwa wametoka kunywa. Kwenye kona walikuta kundi la waimbaji wa Pacific Garden Mission, kituo kilichohudumia walevi na watu wa mitaani. Wale watu walikuwa wanaimba nyimbo ambazo mamake alikuwa akiziimba nyumbani Iowa. Alikaa chini ukingoni mwa barabara akasikiliza. Akaanza kwenda kwenye kile kituo usiku baada ya usiku, mpaka Mama Sarah Clarke, aliyekianzisha pamoja na mumewe mwaka wa 1877, alipozungumza naye na yeye akakubali kumpa Yesu maisha. Pombe aliacha. Kamari na matusi pia.

Watu hudhani aliokoka leo, kesho akapanda mimbarini. Hapana! Alicheza mpira miaka kadhaa akiwa ameokoka. Alikuwa mshirika wa kanisa la Presbyterian la Jefferson Park, karibu na uwanja, na huko alikutana na Nell Thompson. Babake Nell alikuwa na biashara kubwa ya maziwa na hakutaka kusikia habari ya mchezaji mpira, mtu wa leo Chicago kesho Pittsburgh. Kusema kweli mzee hakukosea kuhusu hiyo kazi. Mwishowe alilegea, nao wakafunga ndoa tarehe 5 Septemba 1888.

Na ni kweli alikuwa ameshauzwa. Mwaka wa 1887 Kelly aliuzwa Boston kwa dola 10,000, pesa za kushtua wakati ule, na Billy hatimaye akapata namba. Akapiga vizuri kuliko mwaka wowote mwingine, halafu akaumia, akacheza mechi 50 tu. Kabla ya msimu uliofuata akapelekwa Pittsburgh. Huko alipangwa kila siku, na upungufu wake ukaonekana kila siku. Lakini akifika tu kituo cha kwanza, shughuli ilianza: mwaka wa 1888 aliiba vituo 71.

Mwaka wa 1890 ndio ninaotaka tuutazame vizuri. Wachezaji walikuwa wamechoka na kipengele kilichoiruhusu klabu kukushika hata baada ya mkataba wako kwisha. Wakaanzisha ligi yao wenyewe, na karibu kila mwenye jina akahama. Billy naye aliitwa. Akakataa, kwa kuwa dhamiri yake haikumruhusu kuvunja alichotia sahihi. Mimi naona wachezaji wale walikuwa na haki katika madai yao, na sidhani kila aliyehama alitenda dhambi. Lakini Billy aliyabeba madhara ya uamuzi wake bila kulalamika. Pittsburgh ilibaki mifupa mitupu, wakamfanya nahodha. Msimu ulipoisha walikuwa wameshinda mechi 23 na kushindwa 113, moja ya rekodi mbaya kabisa katika historia ya mchezo huo. Kufikia Agosti klabu haikuwa na pesa ya mishahara, ikampeleka Philadelphia kwa kubadilishana na wachezaji wawili na dola 1,000. Uaminifu wake ulimlipa hivyo.

Hapo ndipo wito ulipombana. Alitaka kuingia huduma, na mkataba wa Philadelphia ulikuwa umemfunga. Angeweza kutoroka tu. Wangapi hawakutoroka mwaka uliotangulia? Aliomba Mungu, akawaomba wenye klabu wamwachilie, akangoja. Machi 1891 wakamwachilia. Hajamaliza kushukuru, Cincinnati wakamletea mkataba mpya. YMCA ya Chicago ilikuwa inampa dola 83 kwa mwezi. Ile ya mpira ilikuwa zaidi ya mara tatu ya mshahara huo. Alikuwa na mke na mtoto mchanga. Akayumba, akaenda kumuuliza Nell, na Nell akamjibu kwamba hakuna cha kufikiria hapo, kwa sababu alishamwahidi Mungu kuacha. Yaani yule binti wa tajiri, ambaye babake aliogopa atalala njaa, ndiye aliyefunga mjadala.

Hesabu yake ya mpira ilifungwa hivi: mechi 499, vituo 246 vilivyoibwa, na wastani wa kupiga wa .248, maana yake alifaulu chini ya mara moja katika kila nne. Mike Kelly, yule mfalme aliyemweka benchi, alifariki mwaka wa 1894 akiwa na miaka 36, pombe ikiwa imemmaliza.

Kule YMCA alitembelea wagonjwa, akakaa na watu waliotaka kujiua, akaingia baa kuwaalika wanywaji kwenye ibada. Mwaka wa 1893 akawa msaidizi wa mwinjilisti J. Wilbur Chapman, na kazi ilikuwa kusimamisha hema, kupanga kwaya na kuuza vitabu vya nyimbo. Benchi tena, mnaona? Kisha Chapman akaamua ghafla kurudi kuchunga kanisa, na Billy akabaki hana kazi. Ndipo ulipokuja mwaliko kutoka Garner, kijimji cha Iowa. Alianza huko Januari 1896, akitegemea sana mahubiri aliyojifunza kwa Chapman.

Kwa miaka 12 hivi alizunguka vijiji ambavyo havikuwa na umeme, vya taa za mafuta. Mpira ndio uliomtangulia: watu walikuja kumwona mchezaji. Kwenye jukwaa alikimbia, akaruka, akateleza kwa tumbo kama anayewahi kituo. Wakati mmoja theluji ya Oktoba iliangusha hema lake huko Salida, Colorado, na sadaka yake ikaenda nalo, kwa kuwa ilikusanywa mwisho wa mkutano. Tangu hapo akadai kila mji ujenge ukumbi wa mbao kwanza, sakafu yake ikimwagwa vumbi la mbao ili kupunguza kelele za viatu.

Umaarufu wake mnaujua, kwa hiyo sitakaa hapo. New York 1917, majuma kumi. Sadaka ya mwisho ilizidi dola 120,000, akaitoa yote kwa kazi ya kuhudumia wanajeshi. Chicago 1918, sadaka ya takriban dola 58,000, na hiyo aliipeleka Pacific Garden Mission.

Kuna upande ambao sisi Waafrika hatuwezi kuufumbia macho. Anson, aliyemfungulia mlango, alikataa kucheza dhidi ya timu zenye mchezaji mweusi, na milango ya ligi kubwa ikabaki imefungwa kwa watu weusi hadi Jackie Robinson mwaka wa 1947. Billy mwenyewe alipohubiri Atlanta mwaka wa 1917 alikubali mikutano ya weusi na weupe itenganishwe. Aliyekuwa haogopi wenye viwanda vya pombe, hapo alinyamaza.

Na nyumbani kulikuwa na kilio. Wakati yeye na Nell wako kwenye mikutano, watoto walilelewa zaidi na mfanyakazi wa nyumbani. Vijana wake watatu waliishia kwenye ulevi na ndoa zilizovunjika. Binti yao Helen alifariki 1932. Mwaka uliofuata mwana wao George alijiua. Billy, umati ukiwa umepungua na sheria ya kupiga marufuku pombe ikiwa imefutwa, aliendelea kuhubiri popote alipoitwa, makanisa madogo kama yale ya mwanzo.

Moyo wake ulisimama tarehe 6 Novemba 1935, akiwa na miaka 72. Nell alizika na vijana wawili waliobaki, 1938 na 1944. Yeye mwenyewe aliishi hadi 1957, akisafiri kuzungumza kwenye makongamano na kuchangisha pesa kwa vituo vya kuokoa walevi, vya aina ile ya Mama Clarke.