Ettore Bugatti

Ettore Arco Isidoro Bugatti (Milano, Italia, 15 Septemba 1881 – Paris, Ufaransa, 21 Agosti 1947) alikuwa mbunifu na mtengenezaji wa magari kutoka Italia aliyefanya sehemu kubwa ya kazi yake huko Alsace. Anajulikana hasa kwa magari ya michezo na ya mashindano, na pia kwa kushikilia breki za kebo wakati watengenezaji wengi walikuwa wameziacha.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia ya wasanii. Baba yake, Carlo Bugatti, alikuwa mbunifu wa samani, na mdogo wake Rembrandt alikuwa mchongaji wa sanamu za wanyama. Ettore alivutiwa na mashine. Mwaka 1901 gari alilobuni lilipata tuzo katika maonyesho ya Milano, na mwaka 1902 alianza kazi katika kampuni ya De Dietrich huko Niederbronn, Alsace. Baadaye alifanya kazi katika kampuni ya Deutz mjini Köln.

Kiwanda cha Molsheim

Mwaka 1909 alianzisha kiwanda chake huko Molsheim, Alsace. Wakati huo eneo hilo lilikuwa sehemu ya Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza lilirudi chini ya Ufaransa. Gari lake mashuhuri zaidi, Type 35 lenye injini ya silinda nane, lilitokea mara ya kwanza mwaka 1924 kwenye Grand Prix ya Ufaransa karibu na Lyon. Magari ya Bugatti yalishinda mashindano ya Targa Florio, kisiwani Sisilia, miaka mitano mfululizo kuanzia 1925 hadi 1929.

Suala la breki

Katika Type 35, rimu ya alumini na ngoma ya breki vilikuwa kitu kimoja. Fundi alipofungua gurudumu, ngoma ilitoka nalo, naye aliviona mara moja viatu vya breki na kujua vimechakaa kiasi gani.

Hata hivyo, nguvu ya mguu wa dereva ilifikishwa kwenye magurudumu kwa kebo za chuma. Mfumo huo hufanya kazi vizuri ukitunzwa, lakini kebo hulegea, maungio hukauka grisi, na viatu huchakaa bila kulingana. Hapo pedeli hushuka sana kabla breki hazijashika, au gari huvuta upande mmoja. Likivuta kushoto, huenda breki ya kulia ndiyo yenye hitilafu: kebo yake imelegea au imekwama, au viatu vyake vimeingia mafuta. Ndiyo maana mafundi wa magari hayo huyainua magurudumu, huyazungusha moja moja huku pedeli imekanyagwa kidogo, na kulinganisha ugumu wake. Kukaza kebo kabla ya kukagua viatu huficha tatizo bila kuliondoa.

Breki za haidroliki hupunguza kazi hiyo, kwa kuwa shinikizo la mafuta ndani ya mabomba husambaa sawa. Mwaka 1921 gari la Duesenberg kutoka Marekani lenye breki hizo lilishinda Grand Prix ya Ufaransa. Bugatti alibaki na kebo. Husimuliwa kwamba aliwajibu wateja waliolalamika kuwa magari yake yalitengenezwa ili yaende, si ili yasimame. Lakini rimu za Type 35 zinaonyesha kwamba alilifikiria suala la breki kwa makini. Type 57, lililobuniwa chini ya mwanawe Jean, lilipata breki za haidroliki mwaka 1938.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1939 gari la Bugatti lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans. Tarehe 11 Agosti mwaka huohuo, Jean, aliyekuwa na umri wa miaka 30, alifariki karibu na Molsheim alipokuwa akilijaribu gari la mashindano. Alimkwepa mwendesha baiskeli akagonga mti. Vita Kuu ya Pili ilianza wiki chache baadaye, na kiwanda kikaangukia mikononi mwa Wajerumani.

Ettore alifariki mjini Paris mwaka 1947 na kuzikwa Dorlisheim, jirani na Molsheim. Magari yake mengi yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Mulhouse, Ufaransa.