Peirce: Mwanamantiki aliyekufa fukara

Charles Sanders Peirce, ambaye michoro yake ni mojawapo ya vyanzo vya mbinu zinazoiwezesha kompyuta kuhifadhi maarifa na kutoa hitimisho, alifariki dunia tarehe 19 Aprili mwaka 1914 shambani kwake karibu na mji wa Milford, jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, akiwa fukara.

Hakuzaliwa katika dhiki. Baba yake, Benjamin, alikuwa profesa wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Harvard. Charles, aliyezaliwa mwaka 1839, alisomea kemia hapo hapo Harvard, na kwa zaidi ya miaka 30 aliitumikia idara ya serikali iliyopima pwani za Marekani.

Lakini alichokipenda ni mantiki. Mwaka 1879 aliajiriwa kuifundisha katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore. Wakuu wa chuo walipobaini kwamba aliishi na Juliette, aliyekuja kuwa mkewe wa pili, kabla ya kuachana rasmi na mke wa kwanza, hawakulivumilia jambo hilo. Mwaka 1884 ajira yake ikakoma, na hakupata tena kazi ya kudumu katika chuo chochote.

Mwaka 1896, huku madeni yakimwandama, alianza kuchora. Kanuni zake ni nyepesi kuliko mtu anavyoweza kudhani. Karatasi ni uwanja wa ukweli: kinachoandikwa juu yake kinadaiwa kuwa kweli, na kinachozungushiwa duara kinakanushwa. Chukua kauli kwamba mvua ikinyesha, ardhi hulowa. Peirce angechora duara lenye maneno ya mvua, na ndani yake duara dogo lenye maneno ya ardhi. Ikiandikwa nje kwamba mvua inanyesha, maneno hayo huruhusiwa kufutwa ndani ya duara kubwa. Maduara mawili yasiyo na kitu kati yake nayo hufutwa, na karatasini husalia kwamba mvua inanyesha na ardhi imelowa. Kufuta huko hata mashine inaweza. Wala wazo la mashine halikuwa geni kwake: mwaka 1886 alimweleza kwa barua mwanafunzi wake wa zamani, Allan Marquand, jinsi swichi za umeme zingeweza kutenda kazi za mantiki.

Aliihesabu michoro hiyo kuwa kazi yake bora kupita zote. Watu wa zama zake hawakuijali. Alipoiomba Taasisi ya Carnegie mwaka 1902 fedha za kuandika maandiko yake ya mantiki, alinyimwa. Rafiki yake, mwanafalsafa William James, ndiye aliyewachangisha watu ili Peirce na Juliette wapate kuishi.

Baada ya mazishi, Juliette aliiuzia Harvard maelfu ya kurasa za mumewe. Mwaka 1984 John Sowa, mtaalamu wa kampuni ya IBM, alitoa kitabu kilichozitumia kanuni za Peirce katika michoro ya dhana kwa ajili ya kompyuta, na mwaka 2007 michoro hiyo ikaingizwa katika kiwango cha kimataifa cha lugha za mantiki.