Onnes, Mholanzi aliyeuondolea umeme ukinzani

WANAFUNZI wa fizikia kutoka Kisii hadi Nyamira hufunzwa kwamba waya hukinza umeme na kupata joto. Aliyeonyesha kwamba kanuni hiyo ina mpaka ni Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes, aliyezaliwa mjini Groningen mnamo Septemba 21, 1853.

Aliteuliwa profesa katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka wa 1882, akishikilia kuwa maarifa huanzia kwenye kupima. Njia haikuwa nyoofu. Maabara yake ilisimama mahali palipobomolewa na mlipuko wa meli ya baruti mnamo 1807, na wenyeji, ambao hawakuwa wamesahau, waliingiwa na hofu waliposikia kwamba anahifadhi gesi zilizoshindiliwa. Kuanzia 1895, kazi hiyo ilisimamishwa kwa takriban miaka mitatu.

Hatimaye, Julai 10, 1908, aliigeuza heliamu kuwa kioevu, mtu wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka uo huo, Otenyo alikuwa amemchoma mkuki ofisa wa kikoloni Geoffry Northcote katika nchi ya Abagusii.

Sasa Onnes alikuwa na baridi ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Lord Kelvin alidhani kwamba katika baridi hiyo umeme ungekwama kabisa. Wengine walitarajia ukinzani upungue polepole. Aprili 8, 1911, zebaki ilipofika karibu nyuzi 269 chini ya sufuri, ukinzani ulitoweka ghafla. Waliosoma vipimo walikuwa Gilles Holst na Cornelis Dorsman, lakini ripoti ilitoka kwa jina la profesa pekee. Ilikuwa desturi ya enzi hizo, ingawa ni vigumu kuiita haki. Tuzo ya Nobel ya 1913 pia ilikuwa yake peke yake.

Onnes aliaga dunia Februari 21, 1926.

Miaka 60 baadaye, Georg Bednorz na Alex Müller waligundua kwamba oksaidi za shaba hupoteza ukinzani katika baridi isiyo kali kama ile ya zebaki. Nyingi za oksaidi hizo, zikiwa bado na ukinzani, huitwa metali za ajabu. Katika metali ya kawaida iliyopozwa sana, ukinzani hushuka hadi kiwango fulani ukatulia. Katika hizi, hupanda na kushuka sambamba na joto, kwa mstari ulionyooka. Wanasayansi wangali wanabishana kuhusu sababu yake.